Kindi na Ukurasa wa Arobaini

Zamani kidogo, wanangu, wanyama walipokuwa na nyumba, vikao na simu za mkononi, palikuwa na Kindi mmoja. Kazi yake ilikuwa kutunza chumba cha vitabu cha kijiji.

Siku nzima hakuingia mtu. Wenzake wote walikuwa kwenye simu. Tiriri! Picha. Tiriri! Umbea. Mama Nyati aliunguza ugali mara mbili kwa siku moja.

Ijumaa Mzee Tembo, mwenyekiti wa kijiji, akaja. Du! Du! Du!

"Kindi, hapa haji mtu. Jumatatu vitabu vinakwenda kuwashia moto. Chumba kitakuwa cha kuchajia simu."

Kindi akauliza, "Mzee wangu, nikipata wasomaji kabla ya Jumatatu?"

"Wasomaji? Wewe? Haya, watafute!" Tembo akaondoka akicheka.

Jumamosi usiku Kindi akafungua kitabu, akasoma kwa sauti huku akijirekodi, kisha akatuma kwenye kundi la kijiji: "Mama Swala alikuwa katikati ya mto, mtoto mgongoni. Maji, ghuu! Mamba akaibuka. Mama Swala akateleza, chubwi!"

Hapo akakata.

Lo! Simu zikalia kijiji kizima.

"Kindi! Mtoto kapona?" aliuliza Mama Nyati.

"Usitufanyie hivyo, bwana!" alilalamika Fisi. "Maliza!"

Kindi akajibu, "Sauti imenikauka, jamani. Yaliyobaki yako ukurasa wa arobaini, na kitabu hakitoki chumbani."

Jumapili asubuhi Mama Nyati akafika mbio, mwiko bado mkononi. Fisi na wengine nyuma yake. Wakabanana kwenye mkeka, Mama Nyati akaanza kusoma kwa sauti.

Mara, du! du! du! Mzee Tembo huyo mlangoni.

"Nimekuja kukagua paa," alisema. Lakini hakutazama juu hata mara moja. Aliketi, masikio wazi. Simu yake ikalia, tiriri! Akaizima.

Mama Swala alipofika ng'ambo, na mtoto akakohoa na kufumbua macho, Tembo akashusha pumzi, fyuuu! Karatasi zikapeperuka.

Ndipo akashtuka. "Ala! Kumbe umenitega!"

"Nimekutega, Mzee," alisema Kindi, akiokota karatasi. "Ningekuomba uje usome, ungekuja?"

 Tembo akacheka mpaka kuta zikatikisika.

"Nisingekuja! Basi, vitabu visiguswe. Simu tutachajia ofisini kwangu. Haya, Mama Nyati, fungua ukurasa unaofuata."

Kindi akakaa chini pu! Machozi yakamtoka, na moyo ukawa mwepesi.

Simu hawakuzitupa, maana habari za wagonjwa na za ndugu walio mbali zilipitia humo. Ila kila alasiri waliziacha kapuni mlangoni, wakaingia kusoma.

Basi, wanangu, simu ina saa yake, na kitabu nacho kipeni saa yake.