Bibi Zambeta na Seng'enge ya Ufukweni

Paukwa!

Pakawa!

Wenye usingizi?

Walale kwao!

Wenye masikio?

Tupo!

Basi sogeeni. Hapo kale, si kale ya mazimwi, ni kale ya juzijuzi tu, palikuwa na kijiji kwenye pwani ya nchi ya Wagiriki. Jina lake silitaji, wenyewe hawapendi litajwe. Nyumba zake nyeupe za chokaa zilibanana ubavuni mwa kilima kama mbuzi waliokimbia mvua. Mbele yake, bahari. Na bahari ya huko, jamani, si kama yetu. Haijui kupwa, haijui kujaa. Ukiiacha hapa asubuhi, jioni unaikuta hapa hapa. Neno hilo msilisahau, maana litamfikisha mtu maji ya kidevu.

Katika kijiji hicho aliishi mjane, Bibi Zambeta. Mfupi, mkavu, gauni jeusi, kitambaa cheusi kichwani, mikono kama mizizi ya mzeituni. Mumewe alichukuliwa na maji zamani. Alibaki na mwana mmoja, Stamati, naye alikuwa mtu mzima mwenye mke na watoto wake. Bibi Zambeta hakuwa na cheo. Lakini watu wakigombania mpaka wa shamba, kibarazani kwake. Wakitaka kuoza binti, kibarazani kwake. Yeye husikiliza tu huku anamenya vitunguu. Vitunguu vikiisha, na kesi imekwisha.

Kila mwaka, joto likianza, wanawake wa kijiji walitoa mazulia yao ya sufi, yale mazito ya kulalia wakati wa baridi, wakayapeleka baharini kuyafua. Visima vilikuwa vichache, maji yake ya kunywa tu. Tena chumvi ya bahari hufukuza nondo. Basi waliyalowesha, wakayatandaza juu ya mawe, wakayapiga kwa vibao. Pwaa! Pwaa! Pwaa! Na aliyeimbisha alikuwa Bibi Zambeta:

Toka vumbi, toka!

Toka!

Toka nondo, toka!

Toka!

Toka baridi ya jana, toka!

Ah, mbona mnanong'ona? Itikieni!

Toka!

Haya, hapo sawa. Na kulikuwa na desturi. Yeyote aliyefika ufukweni wakati wa kufua alishika ncha ya zulia. Awe kasisi, awe mchuuzi, awe nani. Zulia likilowa lina uzito wa ndama, na halitazamwi kwa macho tu.

Basi ikatokea, wakaja wageni. Wa kwanza walikuja kwa miguu, mabegi mgongoni, jua limewachoma wamekuwa wekundu kama kamba waliochemshwa. Wakauliza pa kulala. Bibi Zambeta akawafungulia mlango. Akawapa mkate, akawapa zeituni, akawapa jibini la mbuzi. Siku ya kufua akawapa ncha za zulia, wakashika, wakacheka, wakalowa. Walipotaka kumlipa alinuna siku nzima.

Wageni wakarudi kwao, wakasimulia. Wakaja wengine. Wakasimulia nao. Wakaja wengi! Vibanda vya mbuzi vikapakwa chokaa vikawa vyumba vya watu. Stamati akaezeka paa jipya. Bibi Zambeta hakuchukia. Alisema, "Vijana walikuwa wanahama, wanatuachia kuta. Sasa wanabaki. Waje tu."

Kisha akaja Bwana Kleanthi, tajiri wa mjini. Shati jeupe, viatu vyeupe, sauti laini kama mafuta. Akajenga hoteli, orofa juu ya orofa, ngazi zake zikashuka mpaka mchangani. Akaajiri wapishi, akaajiri wafagiaji. Stamati akapewa kofia na filimbi, akawa mlinzi. Kijiji kikala, kikashiba, kikashukuru.

Asubuhi moja wakasikia, ko! ko! ko! Nguzo zinagongwa. Kutoka nje, wanaona seng'enge. Imeanzia kwenye mwamba, imezunguka mchanga wote, imeingia baharini. Lango lilikuwa moja tu, na langoni amesimama Stamati. Ndani yake vitanda vya kuotea jua, na miavuli, na wageni wamelala chali.

Watu walinung'unika, lakini chinichini. Garufalia, jirani yake Bibi Zambeta, alikuja na mikono kichwani. "Tufanyeje, dada? Mume wangu anapika kwa Bwana Kleanthi. Mwanao analinda kwake. Sote tunakula kwake."

"Tunakula jasho letu," akasema Bibi Zambeta. "Na mimi nina zulia chafu."

Akalikunja, akalitia begani, akashuka.

"Mama, rudi," akasema Stamati langoni. "Huruhusiwi."

"Nani kakataza?"

"Bwana Kleanthi."

"Bahari hii, yeye ndiye aliyeitia chumvi?"

Stamati akanyoosha mkono kuziba lango. Mama yake akapita chini ya mkono wake, ufupi wake ukamfaa. Akalowesha zulia, akainua kibao. Pwaa! Pwaa! Wageni wakainua vichwa. Bwana Kleanthi akashuka ngazi haraka.

"Stamati! Mtoe huyo bibi."

"Bwana, huyu ni mama yangu."

"Vizuri. Basi utajua kumbeba."

Stamati akamwinua mama yake kama gunia, akamtupia begani. Mgongoni mwake, kichwa chini, Bibi Zambeta hakupiga kelele wala hakumlaani. Alisema tu, kwa sauti ya kusikika na kila mtu, "Taratibu, mwanangu, usije ukaumia kiuno." Na masikio ya Stamati yakawaka moto, na kijiji kizima kikaangalia chini.

Mpo?

Tupo!

Siku ya pili, lango likafungwa kwa kufuli. Sasa ingekuwa kwetu, mngesema, si angoje maji yapwe apite nchani mwa seng'enge kwa mguu mkavu? Lakini nimewaambia, bahari ile haipwi. Bibi Zambeta alisimama pembeni mwa seng'enge, zulia kichwani. Tangu maji yamchukue mumewe, hakuwahi kuingia zaidi ya magoti. Akasema na bahari kama mtu anayesema na mdeni wake: "Mume wangu Yani ulimchukua nikanyamaza. Leo nipishe."

Akaingia. Maji ya magoti. Maji ya kiuno. Maji ya kifua. Gauni likamvuta chini. Maji ya kidevu! Akaifikia nguzo ya mwisho, jiwe likateleza chini ya unyayo, chwii! Akazama. Wanawake juu ya kilima wakapiga yowe. Mkono ukatokea, ukaikamata seng'enge, miiba ikamchana kiganja. Akajivuta. Akakohoa. Akazunguka nguzo, akatokea upande wa pili, zulia sasa limelowa, zito mara mbili, analikokota mchangani huku damu inamtiririka kiganjani. Akainua kibao.

Toka vumbi, toka!

Toka!

Toka seng'enge, toka!

Toka!

Wageni walikuwa wamesimama. Wakaanza kupiga makofi. Mwingine akapiga mluzi. Bwana Kleanthi akayasikia makofi yale, na mtu huyu hakuwa mjinga. Uso uliokunjika ukakunjuka. Akamletea kiti, akamletea maji ya limau, akamfunga kiganja kwa leso yake mwenyewe.

"Bibi yangu, tumekosana bure," akasema. "Umeona walivyofurahi? Sikiliza. Kila jioni nitagonga kengele. Wewe utakuja na zulia lako na wimbo wako, wageni wakae watazame. Lango nitakufungulia mwenyewe. Mshahara juu."

"Kila jioni?"

"Kila jioni."

"Zulia likichafuka nitalifua. Lisipochafuka nitafua nini, haya yako?"

Bwana Kleanthi akacheka, kisha akaacha kucheka. "Kesho jioni kengele italia," akasema. "Usipokuja, mwanao naye asije kazini."

Habari ikafika nyumbani kabla ya Bibi Zambeta. Stamati alimkuta kibarazani, hakuwa na kitunguu cha kumenya wala nini, amekaa tu.

"Mama, kubali. Ni maji na kibao. Umefanya hivyo maisha yako yote."

"Nilifanya ili ulale pasipo baridi."

"Na sasa fanya ili wajukuu wako wale!"

Hilo lilimwingia. Aliwapenda wale watoto kuliko macho yake. Akaitazama leso iliyofungwa kiganjani.

"Stamati, ulipozaliwa nilikulaza juu ya zulia lile," akasema. "Nikilipiga jioni ya kesho likiwa safi ili watu wapate kuchekacheka, kesho kutwa nitakuwa nani? Nitakuwa kikaragosi cha mwenye kengele. Na wewe utakuwa mtoto wa kikaragosi. Jana ulinibeba kama gunia, nimekusamehe, maana uliona aibu. Siku utakayonibeba bila kuona aibu, hapo ndipo nitakapolia."

Stamati akaondoka bila kuaga. Bibi Zambeta naye akatoka, akagonga kwa Garufalia. Akagonga nyumba ya pili. Akagonga kijiji kizima.

Jioni ikafika. Viti vimepangwa mchangani kama kanisani. Wageni wameoga, wamejipaka manukato. Bwana Kleanthi akagonga kengele, ngele-ngele-ngele! Akafungua lango kwa mkono wake, anatabasamu.

Akaingia Bibi Zambeta. Nyuma yake akaingia Garufalia. Nyuma yake akaingia mwingine, na mwingine, wanawake wote wa kijiji, na hawakubeba mazulia ya sebuleni. Walibeba yale ya mabandani! Yale ya kulaliwa na mbuzi wanaozaa. Yale ya kufunikia punda. Yana samadi, yana kupe, yana harufu ya kumwangusha ndege. Tabasamu la Bwana Kleanthi likaganda.

Wakayazamisha. Maji yakawa meusi. Pwaa! Pwaa! Matone yakaruka, yakatua kwenye mashati, kwenye magauni, kwenye bilauri. Wengine wakakimbia ngazini wameziba pua. Bibi Zambeta akashika ncha moja ya zulia, akaiburuta ncha ya pili mpaka kwa mgeni mmoja mnene aliyekaa mbele, akamtilia mikononi. Lugha yake bibi hakuijua. Alisimama tu, akamkazia macho, akasubiri.

Yule mgeni akaliangalia zulia. Akamwangalia bibi. Akainuka, akavua viatu, akavuta. Mkewe akaja kumsaidia. Akaja mwingine. Wakashika, wakasokota, maji yakashuka shwaa!

"Stamati!" akafoka Bwana Kleanthi. "Watoe! Watoe wote!"

Stamati alikuwa langoni. Alimwona mama yake na mkono uliofungwa leso, anavuta. Akatembea polepole mpaka kwa tajiri. Akaivua filimbi shingoni, akaitumbukiza katika mfuko wa lile shati jeupe, akaupigapiga mfuko ili isianguke. Kisha akamwendea mama yake, akalitwaa zulia.

"Mama, tuanike wapi?"

"Pa karibu, mwanangu."

Na pa karibu palikuwa seng'enge. Stamati akalitupa zulia juu yake, likaning'inia. Garufalia naye akatupa lake. Wakatupa wote, mazulia mabichi, mazito, yanachuruzika, nchi nzima ya sufi imetundikwa kwenye nyaya. Nguzo ya kwanza ikasema krrr. Ikainama kama mtu anayesikiliza siri. Ya pili ikaifuata. Krrr, krrr, krrr, kisha, puuu! Seng'enge yote ikalala mchangani!

"Nani ameangusha seng'enge yangu?" akapiga kelele Bwana Kleanthi.

"Hakuna mtu," akasema Bibi Zambeta. "Ni uzito tu."

Msishangilie kwanza. Stamati alipoteza kazi, na mume wa Garufalia pia. Baridi ya mwaka ule ilikuwa kali, na wako waliosema Zambeta ndiye aliyewanyima watoto mkate. Mkamwana wake alimwambia usoni, "Watoto hawali mchanga, mama." Bibi Zambeta akakitoa kitanda chake, akahamia jikoni, chumba chake akakifanya cha wageni, akampa mkamwana wake akiendeshe. Na yule mgeni mnene akarudi mwaka uliofuata, na mkewe, na nduguze, na hawakwenda hotelini.

Bwana Kleanthi alisimamisha seng'enge tena. Wanawake wakaleta mazulia mabichi. Akaisimamisha tena. Wakaleta tena. Mwishowe akachoka yeye, hawakuchoka wao. Akabaki na hoteli yake, na mchanga ukabaki wa kila mwenye miguu. Hoteli nyingine zikajengwa, kijiji kikawa mji wa watu kustarehe, hilo Bibi Zambeta hakulizuia wala hakutaka kulizuia. Alizeeka, akafa joto likianza, wakamzika kilimani.

Miaka ikapita. Akafika tajiri mpya, kijana, asiyemjua mtu. Akamkuta Stamati, sasa ndevu nyeupe, amekaa kibarazani.

"Mzee, nataka kuuzungushia uzio ufukwe ule. Nimwombe nani ruhusa?"

"Mwombe Bibi Zambeta."

"Nampata wapi?"

"Pale kilimani, makaburini."

Kijana akashangaa. "Lakini huyo si amekufa?"

"Amekufa," akasema Stamati. "Wewe mwombe tu. Kisha ukae usubiri akujibu."

Mpaka leo kijana yule anasubiri.

Basi wenzangu, mgeni tumfungulie mlango, tumkatie mkate, tumtandikie alale. Lakini njia ya kwenda baharini tusimkabidhi mtu, maana si yetu kuigawa, ni ya waliotutangulia na watakaotufuata. Na mimi ngano yangu naitua hapa, kama zulia lililolowa. Mwenye nguvu za kuibeba, aje ashike ncha.