Magomba Yasiyogomba

Aliyekalia kiti cha enzi cha mji wa Kirambazi, zama zile ambazo majini walishika viapo vyao kuliko wanadamu, alikuwa Sultani Mansabu bin Zahrani, na mji wake ulikuwa na bandari na misikiti na masoko, lakini kilichoutangaza katika nchi saba ni Siku ya Magomba.

Siku hiyo, mara moja kwa mwaka, kila aliyedhulumiwa alishika gomba bichi, yaani bua la mgomba, akamwendea aliyemdhulumu, awe jirani, awe kadhi, awe Sultani mwenyewe, akamchapa nalo na kumgombeza kwa sauti mbele ya watu, na aliyechapwa hakuwa na ruhusa ya kujibu ila kusema, "Nimesikia, nitatengeneza." Kisha wakala sahani moja. Na nyumba iliyokosa mgeni siku hiyo ilihesabiwa ya nuksi, kwa kuwa wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi watu walikimbilia bandarini kugombania wageni, na aliyekuja kuuza zulia akajikuta amepata ndugu, na mwaka wa pili akarudi na merikebu mbili, na wafuma mikeka na wapika halua na wachukuzi wakaneemeka, na wafalme waliotishana kwa barua wakapatana kwa midomo ya watu wao waliokula pilau pamoja.

Na chini ya neema yote hiyo alikuwako jini. Jina lake Kinyongo, na mababu walimfunga kwa kiapo katika shamba la migomba la ukoo wa Mize binti Shomari, mwanamke mjane mwenye sauti kubwa na mkono mzito. Riziki ya jini huyo ilikuwa vinyongo vilivyosemwa siku hiyo, na akishashiba aliulinda mji mwaka mzima.

Sasa sikilizeni upumbavu. Waziri Burhani, mtu ambaye hajapata kumkaribisha mgeni hata kwa tende moja, alipiga magoti mbele ya Sultani akasema, "Ewe bwana wangu, taji la zama hizi, wageni wanatujia kwa maelfu, nao wanalala kwenye mikeka ya mafukara, na wanakuona wewe, kivuli cha Mungu duniani, ukichapwa kwa gomba na muuza samaki. Je, hiyo ni heshima? Tuwajengee kasri, na magomba yapigwe na wachezaji wetu kwa madaha, bila jasho wala kugombezana, na wageni waone uzuri mtupu."

Sultani akajipapasa mgongo, akakumbuka mwaka jana, na shauri likamwingia. "Umenena, waziri wangu. Fanya."

Na katika ardhi yote ya Kirambazi, Waziri hakuona mahali pa kujenga ila shamba la Mize, eti lina upepo mzuri. Mize alirudi kutoka kisimani akaikuta migomba ya babu yake imelazwa chini yote, na askari wanaikanyaga. Hakulia. Aliweka mtungi chini akasema, "Haya. Siku ya Magomba itafika, na Sultani atanisikia."

Lakini siku ilipokaribia, kasri limekwisha kusimama na kuzungushiwa uzio, mpiga mbiu alipita akitangaza kwamba sikukuu mwaka huu ni ya wageni, na wenyeji wote wakae nje ya uzio huo. Hapo ndipo hasira ilipompanda Mize. Shamba wamelichukua, na sasa wanachukua hata siku ya kulilalamikia! Na Farzini, balozi wa nchi ya Zamrudi, aliyelala kwenye mkeka wake kila Siku ya Magomba kwa miaka mitatu na kula naye sahani moja, alipokewa bandarini na askari akapelekwa kasri, na nyumba ya Mize ikakosa mgeni kwa mara ya kwanza tangu ijengwe.

Asubuhi ya siku yenyewe Mize alikwenda kwenye uzio, na askari akamzuia kwa mkuki.

"Mama, hukualikwa."

"Sikualikwa? Mimi? Mwanangu, gomba ulilomchapia mkweo mwaka jana lilitoka shambani kwangu, tena nilikuchagulia mwenyewe lililonona!"

Askari akainamisha uso, lakini hakumpisha. Ndani ya uzio wachezaji walitoka wamevaa hariri, na mikononi wameshika magomba ya kitambaa, yaliyojazwa pamba na kupakwa rangi ya kijani, maana migomba yenyewe walikwisha kuikata. Wakagusana mabegani, huyu na yule, wakachekeana, na wageni wakapiga miayo.

Mara sakafu ya marumaru ikapasuka, na Kinyongo akatoka, amekonda mbavu zinahesabika, na sauti yake ikatikisa nguzo. "Nani kapika chakula hiki? Hakina chumvi! Magomba yasiyogomba! Niliahidiwa riziki, na jua likifika utosini kabla sijasikia neno moja la kweli, kiapo kimekatika, nami nitakula mji na waliomo!"

Hapo magomba ya pamba yakawa mazito kuliko nanga, yakawaponyoka wachezaji na kuwaponda vidole. Waziri alivuta moja kwa mikono miwili, likakataa hata kusogea, na jini akasema, "Halinyanyuki ila kwa mwenye kinyongo cha haki."

"Nipishe," alisema Mize, na safari hii askari alimpisha.

Akaliokota gomba kwa mkono mmoja, na mkononi mwake pamba ikageuka gomba bichi linalotiririka utomvu, akamwendea Sultani akamchapa mgongoni, paa! "Hilo ni la migomba ya babu yangu! Umeikata hukuniuliza, ukanijengea ukuta nisikuambie, ukanipokonya mgeni wangu, kisha unawaita watu waje watazame utamaduni! Utamaduni gani? Utamaduni ni mimi, na umenifungia nje!"

Sultani akamtazama Waziri, na Waziri akatazama viatu vyake. Jua lilikuwa limebakiza kidogo kufika utosini. "Nimesikia," Sultani akasema kwa sauti ndogo. "Nitatengeneza." Na jini akameza, na rangi ikamrudi.

Ndipo Balozi Farzini akainuka, akatoa barua yenye lakiri nyekundu. "Sayyidi, waziri wako aliizuia merikebu yetu bandarini hapa miezi minane bila sababu, na mabaharia wanane wakafa humo kwa maradhi. Hii ni barua ya vita. Nilimwomba mfalme wangu asubiri siku hii, kwa kuwa nyumbani kwa Bi Mize nilijifunza kwamba kuna siku moja ambayo mji huu husikia. Nami nikaja nikaonyeshwa pamba!" Akaokota gomba, nalo likamtii, akamchapa Sultani moja na Waziri matatu, na Sultani aliposema nimesikia na kuiachia merikebu papo hapo, Farzini akaichana barua.

Uzio ukaangushwa, na foleni ya waliokuwa na neno na Waziri ikafika sokoni, na yule askari alikuwa wa kwanza. Jini akala hadi akacheua, akalibomoa kasri kwa kidole, na Waziri akahukumiwa kuipanda upya ile migomba kwa mikono yake.

Sultani, akidhani mambo yamekwisha, akasema, "Bi Mize, ili kukufidia nakuposa, uwe malkia wangu."

Mize akamchapa tena. "La kwanza lilikuwa la shamba. Hili ni la kudhani kwamba wewe ni fidia."

Mwaka uliofuata Farzini alikuja kumposa, naye akakubali, na mahari aliyotaka ni machipukizi ya migomba ya Zamrudi, nayo yakashika, na shamba likawa kubwa kuliko la babu yake, na merikebu za Zamrudi zikajaa bandarini, na wageni wakarudi kwenye mikeka. Mgeni hamponyi mwenyeji aliyefungiwa nje. Hilo hata jini alilijua, akashindwa kulijua waziri.

Na kila Siku ya Magomba Sultani huwahi kufika shambani kwa Mize, amekwisha kuvua joho. Mimi nimemaliza, na mwenye kinyongo na hekaya yangu na aje, ila gomba lake liwe la mgomba.