Wenyeji Waliogeuka Wageni

Hadithi, hadithi?

Hadithi njoo.

Ije na nini?

Ije na uongo wake, ukweli tutauchambua wenyewe.

Haya. Hapo zamani, zamani ambayo hata bibi yangu aliisikia kwa bibi yake, palikuwa na mji uitwao Pongwa. Mji wa kawaida tu: migomba, mbuzi, maneno mengi. Jumbe wao hakuzaliwa jumbe. Walimchagua kwa kokoto, kila mtu mzima na kokoto yake, anaitupa chunguni, basi. Safari hiyo walimchagua Mavura.

Sasa huyu Mavura aliondokewa na mama akiwa bado anatambaa. Akalelewa na shangazi yake Mwanamvua, mtunzi wa nyimbo za mji. Kila mavuno Mwanamvua aliimba barazani, na wimbo wake ulikuwa na mikono miwili kama mtu: mmoja wa kupapasa, mmoja wa kufinya. Aliusifu mji hadi wazee wakajifuta machozi, kisha akataja panapovuja. Watu wakacheka, wakaona haya, wakaenda wakaziba.

Mwaka ule akaimba:

*Pongwa yangu, Pongwa, hapa ndipo alipolala mama,*
*Ndizi zako tamu, maneno yako marefu,*
*Lakini daraja la mtoni nguzo zimeliwa na mchwa,*
*Na masika, jamani, hayapigi hodi.*

Kumbe siku hiyo palikuwa na wageni wa miji ya jirani. Mavura akaona haya hadi masikioni. Na kando yake alikaa Kibwana. Mnamjua Kibwana, kila mji una wake. Ni yule aliyejifunga kitambaa cha rangi za mji kichwani, akala nacho, akalala nacho, akaoga nacho. Kibwana akamnong'oneza Jumbe kwamba mwenye kuupenda mji huusifu, na anayetaja nguzo mbovu mbele za watu ni adui aliyelala ndani.

Mavura alikuwa kijana. Cheo kilikuwa kipya, bado kinambana kama kiatu. Akatoa amri: tangu leo, barazani ni sifa tupu. Atakayetaja kasoro, kigoda chake kitaondolewa, wala hatahesabiwa tena mtu wa Pongwa.

"Hata mimi, mwanangu?" Mwanamvua akauliza.

"Wewe hasa, shangazi."

Alirudi nyumbani na neno lile limemkaa kooni kama mwiba wa samaki. Kutohesabiwa mtu wa Pongwa, yeye, aliyewaimbia watoto wao wote usingizi! Akapika, asile. Akakitazama chungu cha mchuzi, akamkumbuka Mavura mdogo, kichwa kikubwa, anaonja na kukunja uso: shangazi, leo umesahau chumvi. Wageni hawakusema hivyo hata siku moja. Wageni waliula mchuzi uleule, wakaramba vidole, wakaapa kwamba hawajapata kula mtamu kama ule.

Mwanamvua akacheka peke yake jikoni.

Asubuhi akatia mkeka kwapani, huyo kwa Jumbe. Hodi, hodi, hodi.

"Karibu, shangazi. Kuna nini?"

"Salama tu. Nimekuja kuwatembelea. Mji wenu mzuri sana."

"Mji wetu?"

"Mzuri ajabu," akasema, akatandika mkeka, akangoja uji.

Mgeni hafukuzwi, hiyo ndiyo mila. Siku ya kwanza alikuwa mmoja. Siku ya pili, habari zilipokwisha kuzunguka kisimani, ikaja nusu ya mji, mikeka kwapani. Siku ya tatu wakaja wote. Baragumu likalia watu wakazibue mfereji. Hakuinuka mtu. Mgeni atazibuaje mfereji wa wenyewe? Wakausifu tu mfereji. Mbuzi wakaingia kwenye mihogo. Wakawasifu mbuzi kwa meno yao. Paa la Jumbe likadondosha nyasi juu ya chakula. Wakalisifu paa kwa ukarimu.

Chausiku, mke wa Jumbe, akasonga ugali mpaka mabega yakagoma. Na kila chakula kikitoka, wa kwanza kunawa ni nani? Semeni wenyewe. Kibwana, na kitambaa chake.

Chausiku akautua mwiko. "Mume wangu, ulitaka sifa, umezipata. Sasa zipike tule."

Hapo Mavura akakumbuka walivyosema wahenga: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Akatoa majembe, akawagawia, akawaambia shamba la mji liko ng'ambo ya mto, twendeni. Wakayapokea kwa tabasamu. Jembe zuri namna gani hili. Wakaandamana, Jumbe mbele, hadi darajani. Wakasimama.

Wakaanza kulisifu. Daraja refu. Daraja la mababu. Kibwana akawapita wote kwa sauti, akasema ni imara kama mwamba, na anayelitilia shaka moyo wake hauko Pongwa.

Mwanamvua akamgeukia kwa upole. "Basi, Bwana Kibwana, lisifu na kwa miguu. Tangulia."

Kibwana akautazama mto. Akatazama nguzo. Akajipapasa kiunoni, akasema kumbe amesahau kisu chake nyumbani, si muda anarudi. Wakamwona anakwenda, kitambaa kinapepea, na kisu kinaning'inia kiunoni.

Hakuna aliyecheka, maana Mavura, kwa aibu na kwa ukaidi, alikuwa ameshainua mguu. Ubao ukalia. Kwaa. Akainua wa pili.

Mwanamvua angeweza kunyamaza. Wageni hunyamaza, na kigoda kingebaki chake. Lakini alikuwa ameshalitupa jembe, amemshika kijana shati kwa nyuma kama alivyomshika siku za kutambaa.

"Rudi, mwanangu. Nguzo ya kushoto imeoza. Daraja letu bovu."

Mavura akageuka. Mto ulikuwa ukinguruma chini yake.

"Umevunja amri, shangazi."

"Nimeivunja."

"Umesema letu."

"Nimesema."

Jumbe akarudi nchi kavu. Akachukua jembe, akaigonga ile nguzo kwa mpini, mara moja tu. Ikakatika kama muwa, ikaenda na maji, na nusu ya daraja ikaifuata. Watu wakashika vinywa. Kisha Mavura akauliza, kwa sauti ndogo, kuna kasoro gani nyingine. Jamani! Waliongea tangu hapo hadi jua likapinda, na mikono nayo inakata miti. Masika yakaja, yakakuta daraja jipya.

Jioni ya kumaliza, Mwanamvua aliwapikia wote. Mavura akaonja, akakunja uso. "Shangazi, umesahau chumvi."

"Karibu nyumbani, mwanangu," akasema, akamsogezea kibuyu cha chumvi.

Kibwana je? Alirudi, wapi angekwenda? Wakampa kazi ya kuwapokea wageni, na aliifanya vizuri kupita kiasi. Hata leo baraza la Pongwa likianza, wageni hutangulizwa ili wausifu mji. Wakimaliza huambiwa ahsanteni sana, sasa tupisheni, wenyewe tuseme.

Hadithi yangu nimeipakua, chungu ni hiki. Ikiwa tamu, leteni sahani. Ikiwa imepungua chumvi, semeni, maana humu ndani sioni mgeni.