Mtani wa Marehemu Kanga

Paukwa!

Pakawa!

Eh, hiyo ndiyo sauti? Ugali wote ule mmeuweka wapi? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo kale, enzi ninazozililia mpaka leo, Kanga na Nungunungu waliishi kijiji kimoja. Kanga waliliomba jua, Nungunungu waliuomba mwezi, na walikuwa watani. Kanga akipita husema, "Nyie, mwezi wenu umekonda, mnaunyima chakula?" Nungunungu hujibu, "Na jua lenu halina adabu, linaunguza hata wanaoliomba!" Wakacheka, wakala sahani moja. Ah, wajukuu zangu, raha iliyoje!

Na mtani ndiye aliyezika. Kanga akifa, Nungunungu alichimba kaburi na kumtania marehemu, wafiwa wapate kupumua.

Basi akaja jumbe mpya, Nyati. Akapiga mbiu: "Atakayetaja dini ya mwenzake atafukuzwa!" Eti analinda amani. Wakaacha kutaniana, wakaacha kusalimiana, mwisho wakajenga ua katikati.

Siku moja Mzee Kanga akafa. Mjane wake akasimama kwenye ua, akaita, "Mtani, njoo unizikie!" Kimya. "Mtani, njoo unizikie!" Kimya. "Mtani, njoo unizikie!" Sasa analia, maana jua lilikuwa kali, maiti haiwezi kungoja, na miguu ya kanga huchakura tu, haichimbi.

Nungunungu mmoja, rafiki wa marehemu, akainuka. Mkewe akamshika. "Baba watoto, utafukuzwa! Twende wapi na watoto hawa?"

"Nisipokwenda, nitawatazamaje hao watoto?"

Akavunja ua, akachimba. Kisha akamwinamia rafiki yake. "Kanga we! Maisha yako yote umeliamkia jua. Leo limeamka, wewe umelala! Amka, mvivu we!"

Mjane akacheka. Akacheka huku machozi yanamtiririka, na matanga yote yakaangua kicheko.

Nyati akaja mbio. "Nimesikia dini imetajwa! Nani katukanwa hapa?" Kimya. "Nani katukanwa?" Kimya. "Nasema, nani katukanwa?"

"Aliyetaniwa ni mume wangu, Jumbe," mjane akasema. "Mwite. Akiinuka akashtaki, mfukuze Nungunungu. Asipoinuka, tuache tumzike."

Nyati akalitazama kaburi. Kisha akainamisha pembe zake, akaanza kusukuma udongo pamoja nao.

Hadithi yangu nimeiachia hapo makaburini. Mwenye mtani wake, akamsalimie angali hai.