Hodi kwenye Kilima Kisicho na Mtu

Paukwa!
Pakawa!
Hodi?
Karibu!
Kiti?
Cha mgeni!
Jembe?
La siku ya tatu!

Haya, kaeni vizuri. Na wewe wa nyuma unayetafuna muhogo, tafuna polepole. Ngano hii ina hasira zake na sitaki kuirudia.

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali kama mnavyodhani, palikuwa na Kiboko. Kiboko huyu alikuwa na cheo. Cheo chenyewe kiliitwa Mtafiti Mkuu wa Nchi Kavu. Mmesikia? Wa nchi kavu! Naye asubuhi yumo majini, adhuhuri yumo majini, alasiri yumo majini, matope mpaka masikioni. Nchi kavu aliipanda kula majani tu, hapo hapo kingoni, kisha chubwi! Amerudi.

Kazi yake aliifanya hivi. Aliinua kichwa, pwaaa! Akatazama kwa mbali. Akasema, "Andika." Mgongoni pake alisimama karani wake, Yangeyange, ndege mweupe mwenye miguu mirefu, naye akaandika. Karatasi ikapelekwa kwa Faru, mwenyekiti wa Baraza la Wanyama. Faru, kama mjuavyo, haoni vizuri. Masikio anayo, anasikia hata sisimizi akikohoa, lakini macho ndiyo hivyo tena. Basi hakusoma. Aliinua mguu akaukandamiza juu ya karatasi, du! Huo ndio mhuri. Na kilichopigwa mhuri kilikuwa kweli, upende usipende.

Siku moja Kiboko akainua kichwa, pwaaa! Akatazama kwa mbali. Akaona mti mkubwa umejaa vitu vyeusi. Akasema, "Andika. Mti ule una majani meusi. Unaumwa. Ukatwe." Faru, du! Mti ukakatwa. Majani meusi yakaruka yakilia, kwi kwi kwi! Kumbe ni popo, baba na mama na watoto, walikuwa wamening'inia kwao wamelala.

Popo wakaja bwawani kulalamika. Kiboko akawaambia, "Poleni. Utafiti una changamoto zake."

Changamoto! Umemvunjia mtu nyumba, unamwambia changamoto! Na kutoka bwawani mpaka mti ule ni hatua mia mbili tu. Mia mbili! Angekwenda akasimama chini yake, wangemnyea kichwani, akajua pana wenyewe. Hakwenda.

Siku nyingine Kiboko akainua kichwa, pwaaa! Akatazama kwa mbali. Akaona kilima cha mawe. Akasema, "Andika. Kilima kile hakina mtu. Kina mawe na chemchemi. Maji yanapotea bure. Uchimbwe mfereji, chemchemi yote ije bwawani kwangu."

Yangeyange akasita. "Mheshimiwa, mimi nimewahi kupita kule. Nadhani niliona..."

"Wewe ni karani au ni mtafiti?"

"Karani."

"Basi andika."

Du! Ikawa kweli.

Sasa sikilizeni. Kilima kile kilikuwa na ukoo mzima wa pimbi. Pimbi ni mnyama mdogo, rangi yake ya jiwe, akitulia juu ya jiwe humwoni mpaka akupigie chafya. Walikuwa arobaini na tisa. Walikunywa chemchemi hiyo, walilima maboga kando ya chemchemi hiyo, na maji mengine hawakuwa nayo. Chemchemi ikiondoka, na wao waondoke au wafe na kiu. Hapo hapana mzaha.

Na pimbi, kama mlivyowaona, hawana mkia. Siku mikia ilipogawiwa, mvua ilikuwa inanyunya, babu yao akasema, "Aa, nichukulieni na wangu." Aliyetumwa hakurudi mpaka leo. Tangu hapo ukoo wao una kiapo kimoja tu: jambo lako lifuate kwa miguu yako. Basi mkubwa wa ukoo, Bi Pimbi, akajifunga kibwebwe, akashuka mpaka bwawani.

"Hodi!"

"Karibu," akasema Kiboko. "Umekuja na nini?"

"Nimekuja na shida."

"Shida hailiki. Sema upesi."

"Mheshimiwa, umeandika kwamba kwetu hakuna mtu."

"Ndiyo."

"Na mimi je?"

Kiboko akafumbua jicho moja. "Wewe ni mmoja. Utafiti hauangalii mmoja mmoja."

"Tuko arobaini na tisa. Njoo utuone."

"Nije? Mimi? Na jua hili? Bibi, mtaalamu haendi kwa watu. Mtaalamu hufuatwa." Chubwi! Akazama.

Bi Pimbi hakurudi nyumbani. Akaenda kwa Faru.

"Hodi, Mwenyekiti!"

"Karibu. Sauti naisikia, mtu simwoni."

"Ni mimi, Pimbi wa kilimani. Niko mbele ya pua yako."

"Naona jiwe."

"Si jiwe. Ni mimi!"

Faru akahema. "Hata kama ni wewe, bibi, utajitoleaje ushahidi mwenyewe? Karatasi ina mhuri. Wa kuitengua ni yule yule aliyeitoa. Kiboko akitamka kwa kinywa chake kwamba pale pana wenyewe, na mimi nikasikia kwa masikio yangu, yamekwisha. Vinginevyo, keshokutwa adhuhuri naja kuweka alama za mfereji."

"Na Kiboko atakuja?"

"Kiboko? Yule hatoki, bibi."

Mnaona mambo hayo? Mtu amekuandika kwamba hupo. Ukitaka kuwepo, ukamwombe yeye. Mimi ningetukana pale pale. Lakini Bi Pimbi hakutukana. Alikwenda kwake, akachemsha boga, akamega kipande kimoja, kimoja tu, akakiweka juu ya jani, akashuka nacho bwawani.

"Hodi!"

"Karibu. Umekuja na nini?"

"Boga."

Pwaaa! Kichwa kizima kikatoka, na shingo, na mabega. Kiboko akafungua kinywa, mamu! Boga likapotea. Akalamba na jani. Akala na jani.

"Limebaki?"

"Huku limekwisha, Mheshimiwa. Kwetu liko chungu kizima. Lakini la kwetu haliliwi ovyo. Chungu tunakiweka ndani ya pango, na mlango wa pango ni mdogo, unatutosha sisi tu. Mgeni anasimama nje, anabisha hodi, anaitikiwa karibu, halafu anapakuliwa mpaka aseme basi. Asiyebisha, hata awe nani, chungu hakifunuliwi. Ndiyo mila yetu."

Akavuta pumzi, akatikisa kichwa. "Ila wewe haikuhusu. Umeshaandika kwamba hatupo. Keshokutwa adhuhuri tunapika la mwisho, la kuaga. Kwaheri, Mheshimiwa."

Akaenda zake.

Siku ya pili yake Kiboko akainua kichwa, pwaaa! Akatazama kwa mbali, kule kilimani. Yangeyange akajiweka tayari kuandika. Kiboko akasema, "Hivi chungu chao, unadhani kina ukubwa gani?"

Siku ya tatu, jua la utosi, Kiboko akatoka majini. Yangeyange nusura aanguke.

"Mheshimiwa, tunakwenda wapi?"

"Uwandani," akasema Kiboko. "Mtafiti lazima aende uwandani." Tangu lini? Mwulizeni!

Akapanda kilima, hema hema, hema hema. Ngozi ikaanza kukauka, jasho jekundu likamtoka. Akamkuta Faru ameshafika, amesimama anasubiri. Kilima kimya. Pimbi wote, ila Bi Pimbi aliyekuwa pangoni na chungu chake, walikuwa pale pale juu ya mawe, wametulia, hata sharubu haichezi. Faru hakuwaona, maana haoni. Kiboko hakuwaona, maana hajapata kujifunza kutazama kitu cha karibu.

Ila harufu! Harufu ya boga ilitoka pangoni, ikamshika Kiboko puani kama kamba ya ng'ombe. Tumbo likanguruma, nguru-ngunguru!

"Radi?" akauliza Faru.

"Radi," akasema Kiboko.

"Basi tufanye upesi. Umeandika kwamba hapa hakuna mtu?"

"Hakuna."

"Hata mmoja?"

"Hata... hata mmoja."

Faru akaanza kupima kwa miguu, moja, mbili, tatu, kutafuta mfereji upite wapi. Kiboko akasogea pangoni. Akaingiza pua, haikuingia. Akaingiza mdomo, haukuingia. Akatazama huku, akatazama kule. Akasema kwa sauti ya chini, "Hodi."

Kimya.

Akaongeza kidogo. "Hodi."

Kimya.

Kule ndani Bi Pimbi akafunua chungu kidogo, kidogo tu, mvuke ukatoka mwingi, halafu akafunika. Ewe! Kiboko akasahau cheo. Akasahau karatasi. Akasahau kwamba Faru yuko nyuma yake na masikio yale mawili.

"HODI! Hodi wenyewe! Mbona mko kimya na mgeni yuko mlangoni? Nipakulieni!"

Na mawe yote ya kilima yakaitika, "KARIBUUUU!"

Faru akasimama. Sikio la kulia likageuka. Sikio la kushoto likageuka.

"Kiboko," akasema. "Ulikuwa unambishia nani?"

"Mimi? Sikuwa nabisha. Nilikuwa napima mwangwi. Huo uliousikia ni mwangwi, Mwenyekiti."

Faru akafikiri. Faru akifikiri, subirini. Kisha akasema, "Mimi macho sina, masikio ninayo. Mwangwi ukiuambia hodi, unakujibu hodi. Huu umekujibu karibu. Na tangu nizaliwe, sijasikia mtu akibisha hodi kwenye nyumba isiyo na mtu, isipokuwa mwizi anayepima kama wenyewe wapo. Wewe ni mwizi?"

"Mimi si mwizi!"

"Basi wenyewe wapo," akasema Faru. "Umesema kwa kinywa chako, nimesikia kwa masikio yangu." Akaiweka ile karatasi chini, akainua mguu, du! Ikapasuka vipande viwili. Mfereji ukafa, chemchemi ikabaki.

Pimbi wakashangilia. Na Bi Pimbi akatoka na upawa, akampakulia Kiboko, maana mila ni mila. Siku ya kwanza Kiboko akala. Siku ya pili Kiboko akala. Siku ya tatu akanyoosha sahani, Bi Pimbi akampa nini?

Jembe!

Naam. Mgeni siku mbili. Wakamshusha mpaka pale ulipokuwa mti wa popo, wakamwambia, "Chimba shimo, panda mwingine." Akachimba, kwa mara ya kwanza maishani mwake. Akapanda mche, urefu wake kama ule upawa wa Bi Pimbi. Popo wakaja wakautazama. Wataning'inia wapi hapo, na watoto? Wakaondoka. Popo wale mpaka leo wanalala kwenye mapaa ya watu, na wenye nyumba wanawapiga mafagio. Wao hawakurudishiwa kitu, na mimi nikifika hapa kila mara nasimama kidogo, maana inaniuma.

Mnadhani Kiboko aliona haya? Thubutu! Alirudi bwawani, chubwi! Akainua kichwa, pwaaa! Akasema, "Andika. Nimegundua wanyama wadogo wa kilimani, wasiojulikana na yeyote. Nimewagundua kwa kuwatembelea kwao." Faru, du! Baraza likamvika shada la maua, akalila. Na sasa amepewa cheo cha pili, anawafundisha vijana umuhimu wa kuwafuata watu kwao. Anawafundishia wapi? Bwawani. Vijana ndio wanaomfuata, na asiye na boga haitikiwi karibu.

Yangeyange alipokwenda kumsomea Bi Pimbi karatasi ile mpya, yeye mwenyewe, kwa mbawa zake, Bi Pimbi alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Wasiojulikana na yeyote? Mbona sisi tunajuana?" Akarudi kumwagilia maboga.

Sasa fundisho, maana ngano bila fundisho mtaniambia nimewadanganya. Fundisho ni hili: msitembelee watu. Kutembelea watu kunaharibu utafiti. Miaka yote Kiboko alipokaa bwawani hakuonekana amekosea hata mara moja. Alionekana amekosea siku moja tu, siku aliyotoka.

Hodi?
Karibu!
Ngano yangu nimeifikisha mlangoni. Anayeitaka aje aichukue kwa mkono wake. Asitume mtu, asije akakosa mkia.