Picha Zilizobaki Kwenye Kompyuta ya Mwadime

Sogeeni, ila leo msitarajie kucheka. Nina hasira.

Katika ofisi ndogo ya misaada mjini Voi walikuwepo watatu. Mwadime alikuwa na jicho la kamera, Wakesho alikuwa na mkono wa kupanga, na Mghanga alijua kuandika kurasa za tovuti. Mafuriko yalipotenganisha watoto na wazazi, mkuu wao, Bi Malemba, alisema ajira ya kudumu ni moja, na ataipata atakayekuwa wa kwanza kumrudisha mtoto kwao.

Mwadime alizunguka kambi zote, matope magotini, akapiga picha watoto mia mbili. Bila yeye hakuna uso ambao ungeonekana. Lakini jamani, bwana huyu! Picha akazitupa ovyo, nyingine katikati ya zile za harusi ya dada yake, kisha akaiagiza tovuti izisome kutoka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Kwake zikaonekana zote. Kwingine kote, visanduku vitupu. Mama Saru, aliyemtafuta binti yake wa miaka minne, aliangalia tovuti siku tano, hakuona kitu, akaanza matanga. Hapo ndipo damu inaponichemka.

Wakesho alifungua tovuti kwenye simu yake, akashtuka. Akazikusanya picha, akazitengea folda moja ndani ya mradi. Zile ambazo Mwadime aliziita "picha mpya", "picha mpya kabisa", "picha ya mwisho kweli", zote akazipa jina la kambi na umri wa mtoto. Mwadime alinuna kwamba vitu vyake vinaguswa.

Mghanga akapitia ukurasa mmoja mmoja, akaelekeza kila picha kwenye folda ile mpya, akapakia yote kwenye seva, kompyuta inayoifikisha tovuti kwa watu wote. Bila yeye, folda ingebaki nadhifu na hakuna ambaye angeiona.

Siku hiyo hiyo Mama Saru akamwona binti yake kwenye tovuti, akaenda kumchukua kambini.

Ofisini, watatu wakaanza kugombana. Mwadime akauliza wangepanga nini bila picha zake. Wakesho akasema picha hizo zimemwekesha mtu matanga. Mghanga akasema wote wawili walizikalia. Mama Saru alipokuja kushukuru, Bi Malemba akamwomba achague nani apewe ajira.

Mama Saru akamkazia macho Mwadime. "Ulimwona mwanangu yu hai, nami nikimlilia kama maiti. Na bila wewe nisingempata. Sijui nikukumbatie au nikuzabe kofi."

Mkataba wa ajira bado uko mezani, hauna jina. Je, wewe ungeandika la nani, mama huyo akikutazama?