Seneta na Vitabu vya Wageni

Ndugu zangu, wekeni kidole hapo hapo mlipofika kwenye Biblia, msiifunge, tutarudi. Kuna habari ya mtu mmoja nataka kuwapa kwanza. Ni mtu niliyemtunga mwenyewe jana jikoni nikingoja chai ichemke, kwa hiyo asije mtu hapa nje baada ya ibada akaniambia anamjua shemeji yake. Na kama leo kuna mheshimiwa yeyote kwenye viti vya mbele, akae kwa amani. Nikimaliza ataona sikuwa nikimsema yeye.

Palikuwa na seneta katika kaunti moja ya milimani, kule ambako mvua ikianza asubuhi hutoki nje bila gambuti. Alikuwa amekikalia kiti miaka mitano, na kura zilikuwa zimebaki siku kumi. Mara ya kwanza alipoomba kura watu walimbeba mabegani. Mnajua tunavyobeba watu mabegani, hiyo kazi hatuna mpinzani. Mara hii alitembea kwa miguu yake mwenyewe kutoka garini hadi jukwaani, na hakuna aliyemwomba ampokee hata mwavuli.

Mtu huyu alikuwa na hofu. Nawaambia, anayeomba kiti kwa mara ya kwanza hana hofu kubwa, maana akikosa anarudi kwenye duka lake. Hofu ni ya aliyekwisha kukikalia. Kinyozi wake, ambaye zamani alikuwa akimpa habari za kaunti nzima kabla hajamaliza upande mmoja wa kichwa, sasa alimnyoa kimya mpaka mwisho. Kina mama walimpigia vigelegele, lakini vifupi. Siku moja barabarani aliona fulana yake, yenye sura yake kifuani, imevishwa sanamu ya kufukuzia ndege katikati ya shamba la wimbi. Dereva aliongeza mwendo ili mheshimiwa asione, na mheshimiwa alikuwa ameshaona. Nyumbani mkewe akimwekea chakula alisema ameshakula mkutanoni. Mkutanoni wakimkaribisha alisema ameshakula nyumbani. Suruali ikaanza kumpwaya.

Mpinzani wake alikuwa mama mmoja, mwalimu mkuu mstaafu. Hakuwa na mabango mengi wala msafara wa magari. Alikuwa na sentensi moja tu, na aliisema katika kila soko: kwamba mlango wa ofisi ya seneta hauna kitasa upande wa nje. Basi. Watu walicheka, watoto wakaigeuza wimbo wa kurukia kamba. Seneta alilala nayo na kuamka nayo.

Na ilimuuma kwa sababu aliamini anaonewa. Ofisi aliifungua, tena katikati ya mji. Akaweka benchi refu, akaliezekea mabati watu wasinyeshewe. Akaajiri bawabu getini. Ubavuni mwa gari lake paliandikwa kwa rangi nyekundu, MLANGO UKO WAZI. Ni kweli kwamba siku nyingi alikuwa mji mkuu kwenye vikao. Ni kweli pia kwamba siku alizokuwepo aliingia kwa geti la nyuma, maana lile la mbele lilikuwa na watu. Lakini alijiambia, ni mtumishi gani asiye na shughuli?

Alhamisi ya mwisho kabla ya kura mvua ilinyesha, geti la nyuma likajaa tope, gari likakataa. Ikambidi aingie kwa mbele. Hapo ndipo alipomkuta bawabu wake, mzee wa makamo, akimwandikisha mtu kwenye kitabu cha wageni. Vitabu hivi mnavijua, hakuna ofisi katika nchi hii utakayoingia usiandikishwe. Kwa mkono wako unaandika tarehe, jina, namba ya simu, unakotoka, sababu ya kuja, saa uliyoingia, saa uliyotoka, umeonana na nani. Seneta akasimama.

"Mzee, vimejaa vingapi hivi?"

"Saba, mheshimiwa. Hiki ni cha nane."

Vitabu saba. Kila mstari mtu mmoja. Kama mlango hauna kitasa, hawa wote waliandikishwa wapi? Kwa mara ya kwanza mwezi huo alivuta pumzi ikafika chini. Akamwambia bawabu kwamba Jumamosi, kwenye mkutano wa kufunga kampeni, avibebe vyote mpaka uwanjani.

Bawabu akakifunika kitabu, akakaa nacho mapajani.

"Umewahi kuvifungua, mheshimiwa?"

"Kujaa kwake kunanitosha, mzee."

Mtu wa mshahara, siku zile za kura, huwa mwangalifu na ulimi wake. Bawabu alivifunga vitabu kwa kamba ya katani, mafundo mawili, akaviweka chini ya kiti chake.

Jumamosi ikafika. Uwanja wa soko ulijaa, lakini ilikuwa siku ya soko, na hilo lilimtesa seneta kuliko uwanja mtupu. Akitazama umati hakuweza kujua nani amemjia yeye na nani amefuata vitunguu. Alipanda kwenye lori lililofanywa jukwaa, kiganja kimelowa jasho mpaka kipaza sauti kikamteleza. Akaeleza miswada aliyopitisha. Watu wakanunua vitunguu. Akaeleza kamati alizokaa. Watu wakanunua vitunguu. Basi akamwita bawabu, akapokea lile furushi la vitabu, akaliinua kwa mikono miwili.

"Wanasema mlango wangu hauna kitasa. Sasa watu wa vitabu saba waliingilia dirishani?"

Watu wakacheka. Na kicheko kile kilikuwa upande wake, alikisikia, akakitambua kama sauti ya ndugu aliyepotea. Mama mmoja akaacha kupima viazi, akageuka kumsikiliza. Ndugu zangu, angeshuka pale, huenda kaunti nzima ingekwenda kulala ikisema, kumbe mtu huyu tulimwonea. Lakini hofu ina tabia mbaya. Ukiilisha kidogo inataka zaidi. Kicheko hakikumtosha. Akataka shahidi.

Akasema apande mtu yeyote, asiye wake, afungue popote na asome. Watu wakamsukuma mbele fundi cherehani wa pale sokoni, mjane mwenye miwani ya kuning'inia kwa uzi shingoni. Hakuna ambaye angesema mama yule amenunuliwa. Fulana za wagombea hakuwahi kuvaa hata moja, na sababu aliyoitoa ni kwamba zimeshonwa vibaya. Bawabu alifungua mafundo yake mawili. Mama akavaa miwani, akachagua kitabu cha katikati, akafungua katikati yake, akasoma kwenye kipaza sauti kwa sauti ya mtu aliyezoea kusoma vipimo.

Alisoma jina la mkulima wa upande wa mashariki. Sababu ya kuja, hati ya shamba. Ameingia saa mbili na dakika kumi. Ametoka saa kumi na nusu. Ameonana na.

Akainua macho. "Hapa pamepigwa mstari tu, mheshimiwa, hakuna jina."

Seneta akamwambia aendelee, ni ukurasa mmoja tu. Mama akaendelea. Mwanamke wa mjini, habari ya mtoto aliyekamatwa, ameingia saa tatu, ametoka saa tisa, mstari. Kijana wa chuo, barua ya kufadhiliwa, saa mbili mpaka saa kumi na moja, mstari. Akageuza karatasi. Mstari, mstari, mstari. Pale chini mtu akasema polepole, "Huyo ni mimi," na hakusema kwa hasira, alisema tu kama anayeitika darasani. Biashara ya vitunguu ikasimama. Sasa umati wote ulikuwa umemjia seneta, na yeye alitamani uondoke.

Kisha mama akavua miwani, akaifuta kwa leso, akaivaa tena, akakisogeza kitabu karibu na uso. Jina lile wengi wanalo, lakini mwenyewe alikuwa ameandika saba ya namba yake ya simu na kuipitishia kijistari katikati, na katika maisha yake yote mama yule alimjua mtu mmoja tu aliyeiandika hivyo. Sababu ya kuja, daraja la mto. Akageuza kurasa mbele, akageuza nyuma. Kila Jumanne, ile saba yenye kijistari. Jumanne kumi na moja.

"Huyu ni mume wangu," akasema.

Mume yule alikuwa akivaa koti lake kila Jumanne asubuhi na kurudi jioni na njaa. Alimweleza mkewe kwamba ametoka kwa seneta kuulizia daraja. Mara mbili za kwanza mama aliamini. Baadaye akamwambia ni mwongo, kwamba hakuna ofisi inayomweka mtu benchini kutwa nzima, na kwamba huyo seneta anayemwendea ni pombe ya kilabuni. Mwishowe aliacha kumwekea chakula siku za Jumanne. Mvua za mwaka jana mume akashikwa na homa ya mapafu, akafa, na neno lile bado lilikuwa kati yao.

Seneta alingoja matusi. Kwa matusi alikuwa na majibu, ndiyo kazi ya wanasiasa. Lakini mama alimtazama, wala hakumtukana.

"Asante, mheshimiwa. Nilikuwa nikimwambia anadanganya. Kumbe alikuja kweli."

Kisha akauliza kama anaweza kupewa ukurasa ule.

Jibu lilimjia seneta mdomoni. Alitaka kusema kwamba daraja si kazi ya seneta, daraja ni la serikali ya kaunti, mzee yule alibisha mlango usio wake. Na lilikuwa jibu la kweli kabisa. Ila likiwa pale kwenye ulimi, aliona kwamba lingemchukua dakika mbili kulisema, pale benchini, Jumanne ya kwanza. Dakika mbili, na mtu angerudi kwake mchana akala chakula chake. Basi hakulisema. Alisimama na kipaza sauti kilicho wazi, watu wakisikia anavyopumua. Bawabu ndiye aliyeuchomoa ukurasa, taratibu ili usichanike, akampa mama, naye akaukunja na kuufunga kwenye pembe ya leso yake. Akateremka. Watu walirudi kwenye vitunguu vyao.

Kura zilipigwa Jumanne.

Naona mnanitazama. Mnataka kujua kama alishinda, sivyo? Sitawaambia, kwa sababu nimeziona nyuso zenu na nyinyi mmeshapiga kura hapo hapo mlipokaa. Mmemwangusha vibaya sana. Hata wewe, mama wa kwaya, nimekuona ukitikisa kichwa. Haya. Tumemaliza na seneta. Turudi nyumbani sasa.

Pale mlangoni kwetu kuna meza, na juu ya meza kuna kitabu chenye jalada la kijani. Wageni wote huandika humo. Tukienda kwenye mkutano wa parokia tunakitaja kwa kifua mbele, kwamba mwaka huu tumepokea wageni wengi kuliko majirani zetu wote. Ni nani kati yetu amewahi kukifungua? Mimi nilikifungua nikakisoma Ijumaa, mara ya kwanza tangu mnilete hapa. Nikakuta mtu ameandika jina lake Jumapili tatu mfululizo. Kwenye nafasi ya maombi aliandika maneno yale yale mara zote tatu: naomba mnitembelee. Akaandika na mahali, nyuma ya mashine ya kusaga. Jumapili ya nne hayupo. Na hiyo ya nne, ndugu zangu, ilipita miezi mitano iliyopita.

Mtaniuliza, mchungaji wetu ulikuwa wapi? Chini ya kila ukurasa kuna sahihi. Ni sahihi yangu. Nilikuwa nikiitia kila Jumatatu, haraka haraka, bila kusoma. Ndiyo sababu jana nilikuwa jikoni nikimtunga seneta, maana kumtunga seneta ni rahisi kuliko kuwatazama usoni na kusema hili. Chai yenyewe ilimwagika yote.

Sisi ndio wenye benchi. Tunajivunia waliokuja, hatuulizi walitoka saa ngapi wala walionana na nani. Mama mkwe anakuja kwako siku tatu, anaondoka na neno alilokuja nalo halijatoka kinywani. Mtoto anasimama mlangoni mwa chumba, unamwambia baadaye, na wewe mwenyewe unajua baadaye yako inakuwaje. Wangapi huko majumbani kwetu wanaitwa waongo kwa sababu walisema watasikilizwa kanisani?

Mzee wa zamu, nakuomba uniletee kile kitabu. Ndiyo, sasa hivi, kilete.

Nanyi toeni vidole kwenye Biblia. Leo hatutarudi pale, neno lile tumelisoma mara nyingi na linatungoja tulitende. Nitaanza ukurasa wa kwanza, nitasoma majina polepole. Ukisikia jina la mtu unayejua anakokaa, simama.